Jino Ndo Kitu Pekee Walichoachiwa

Jamani mi nina ugomvi na wauza antiki wa mtandaoni. Ukitafuta picha za skrimsho, yaani yale meno ya nyangumi yaliyochorwa na mabaharia wa meli za kuvulia nyangumi miaka ya 1800, kila duka linakupa maelezo yaleyale: nanga ni matumaini, moyo ni mapenzi, tai ni uzalendo, nyoka ni shetani, mwanamke kasimama ufukweni ni mke anayesubiri. Umemaliza, lipia. Na watu wanalipa kweli, maana jino zuri la zamani linakwenda maelfu ya dola na machache yanayojulikana yamechorwa na nani yameshauzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Sikatai kwamba nanga ilimaanisha matumaini. Ilimaanisha, imo mpaka kwenye Biblia, Waebrania sura ya 6, tumaini ni nanga ya roho, na wengi wa vijana wale walikuwa wamekulia kwenye nyumba za kusali. Ninachokataa ni kulisoma jino kana kwamba aliyelichora alikaa kitako mezani akachagua alama kwenye orodha. Mi naona mtu akitaka kuelewa alama zile aanze na swali la kitoto kabisa: kwa nini walichora kwenye jino?

Kwa sababu jino lilikuwa halitakiwi, ndo hivyo tu.

Meli za kuvulia nyangumi zilitoka zaidi Nantucket na New Bedford, jimbo la Massachusetts, zikaenda Pasifiki, Bahari ya Hindi, mpaka pwani ya Japani, na safari moja ilikuwa miaka mitatu hadi minne. Matajiri wa meli walitaka mafuta. Mafuta ya mwilini ya taa na ya mashine, na yale ya kichwani mwa nyangumi wa ambari (yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ndo huyuhuyu anayetoa ambari tunayoijua sisi watu wa pwani) yalitengeneza mishumaa ya bei mbaya. Kwa nyangumi wasio na meno walitaka zile fito laini zinazopinda za mdomoni, zilikuwa zinatiwa kwenye nguo za akina mama na miavuli na mijeledi. Mzoga uliobaki unaachwa papa wanagombania. Sasa meno, ambayo nyangumi wa ambari anayo arubaini hadi hamsini hivi kwenye taya la chini tu, yalikuwa hayana soko la maana huko Marekani, ni madogo ukilinganisha na pembe ya ndovu, yana tundu ndani, yamepinda, huwezi kukata kitu kirefu. Kwa hiyo taya linavutwa deki, linaachwa mpaka fizi zinaoza, harufu we acha tu, halafu meno yanang'olewa kwa kamba na kapi, na yakishang'olewa wanagawiwa mabaharia.

Kumbuka pia hawa watu walikuwa hawalipwi mshahara. Walilipwa fungu. Safari ikiisha mafuta yanauzwa, kila mtu anachukua sehemu yake, nahodha anapata fungu la kueleweka na kijana mgeni wa bahari anapata moja ya 175, au moja ya 200. Alafu kwenye hilo fungu lake wanakata bei ya nguo, tumbaku na visu alivyokopa kwenye duka la melini kwa bei anayotaka nahodha, wapo walioshuka baada ya miaka mitatu na vijisenti tu, wengine wakawa wanadaiwa wao. Kwa hiyo kwenye mnyama mzima wa tani arubaini, yeye aliyevuta makasia, aliyekaribia kufa, aliyechemsha mafuta usiku kucha kwenye tanuri la matofali juu ya deki, kilichokuwa chake mkononi bila mtu kuandika daftarini ni jino. Mi kila nikiangalia picha za skrimsho nakumbuka hilo kwanza kabla ya nanga na moyo.

Na muda walikuwa nao, mwingi wa kuchosha. Wiki zinapita hamna nyangumi, watu thelathini wamebanana, wengine wapo juu ya mlingoti wanatazama maji matupu. Jino likitoka kinywani lina mistari na mabonde, lazima ulichonge kwa kisu, ulisugue kwa ngozi ya papa, ulipige msasa wa jivu mpaka ling'ae. Kisha unachora kwa ncha ya kisu au sindano ya kushonea tanga, mstari mmoja mmoja, ukimaliza unapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, masizi yako bure kwenye lile tanuri, ukifuta juu weusi unabaki ndani ya mikwaruzo na picha inatokea. Wapo waliotia na rangi, nyekundu, kijani, lakini wengi ni hivyo tu, masizi ya nyangumi ndani ya jino la nyangumi.

Wengi hatuwajui majina. Hii nayo inawatesa wauzaji kwa hiyo wanapenda sana kumtaja Frederick Myrick, na wana haki, huyu bwana alikuwa kijana wa Nantucket akisafiri na meli inaitwa Susan, na kati ya Desemba 1828 na mwaka 1829 akachora meno kibao, zaidi ya thelathini yamepatikana mpaka leo, na mengi akayaandika jina lake na tarehe kabisa. Upande mmoja meli Susan inavua pwani ya Japani, upande mwingine meli inasafiri, juu yake tai, bendera, nanga. Na pembeni kuna maneno ya kibaharia ambayo kwa Kiswahili chetu yanakwenda hivi: kifo kwa walio hai, maisha marefu kwa wauaji, mafanikio kwa wake wa mabaharia, na bahati ya mafuta kwa wavua nyangumi.

Soma tena taratibu. Mi napenda kwamba hajajificha. Walio hai ni nyangumi, wauaji ni sisi. Hakuna cha "ushujaa wa bahari" hapo, amesema kazi yao ni ipi, na mstari unaofuata amemtaja mke. Mauaji, mke, mafuta, vyote kwenye kitu unachoweza kukifumbata mkononi. Ukiniuliza mimi hayo maneno yana uzito kuliko tai na bendera vilivyochorwa juu yake, kwa sababu tai na bendera alivikuta, zilikuwa kwenye sarafu, kwenye vyombo, kwenye mabango, kila mahali, ila maneno haya hayakuchongwa kwenye sarafu ya serikali.

Mwenzake wa Nantucket, Edward Burdett, aliyezaliwa 1805, ndo anahesabiwa kati ya Wamarekani wa mwanzo kabisa wanaojulikana kwa jina kwenye kazi hii. Michoro yake ina mistari minene, imezama, meli zake zina nguvu. Mwaka 1833 kamba ya chusa ilimnasa yeye wakati nyangumi anakimbia, ikamvuta baharini, akafa. Alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Sasa wewe muuza antiki nenda kamwambie huyo kwamba picha ya boti iliyopinduliwa na mkia wa nyangumi "inaashiria mapambano ya binadamu na maumbile". Ilikuwa ajali kazini.

Turudi kwenye picha zenyewe, maana hapa ndo penye utamu. Watu wengi wanadhani baharia alikuwa anachora anachokikumbuka kichwani, mke wake, nyumba yao, mji wao. Mara nyingi sio. Alikuwa anakopi. Anachukua picha kwenye gazeti, analibandika juu ya jino lililosuguliwa, anadunga kwa sindano kufuata mistari ya picha, akibandua karatasi anabaki na vidoti kwenye jino, anaviunganisha. Ukikuza picha nzuri ya makumbusho kwenye simu yako vidoti unaviona wazi mahali pengine, hasa kwenye pindo za magauni. Na magazeti waliyopenda ni ya fasheni za akina mama, kama lile Godey's la Philadelphia lililoanza 1830, yenye picha za wanawake waliovaa magauni mapana, viuno vyembamba, kofia za utepe, mwamvuli mkononi. Ndo maana wanawake wengi wa kwenye skrimsho wana sura moja! Macho yaleyale, mdomo mdogo uleule. Yule sio mke wa mtu, ni mwanamke wa gazetini.

Kuna wataalamu wanaona hilo linapunguza thamani, eti si sanaa ya kweli, ni kunakili. Mi naona kinyume. Fikiria kijana ana miaka ishirini, yuko katikati ya Pasifiki, sura ya mchumba wake imeanza kumpotea, na picha ya kupiga kwa kamera bado haikuwa kitu cha kila mtu. Anaazima gazeti ambalo limeshapita mikono yote ya melini, limejaa mafuta, anachagua ukurasa mmoja kati ya kurasa zote. Kachagua huyu na sio yule. Gauni hili ambalo mke wake hajawahi kulivaa na pengine hatalivaa. Alama iko kwenye kuchagua. Na tena tujue hawakuchagua wanawake wapole tu, kulikuwa na kitabu cha visa vya maharamia kilichochapwa Boston mwaka 1837, chenye picha ya Alwilda, binti wa hadithi aliyekuwa nahodha wa maharamia, ana upanga mkononi, basi huyo Alwilda wamemchora mno kwenye meno. Orodha ya wauzaji hapo inakwama kidogo, Alwilda ni alama ya nini? Uaminifu wa ndoa?

Kitu kinachonigusa zaidi kuliko meno yote lakini ni zile mbao za koseti. Enzi zile mwanamke akivaa koseti, mbele katikati ya kifua kunachomekwa kipande kirefu chembamba kigumu, kama rula hivi, cha kumnyoosha. Mabaharia walivitengeneza kwa mfupa wa taya la nyangumi au kwa zile fito za mdomoni, wakavichora kuanzia juu mpaka chini: moyo umechomwa mshale, nyumba yenye bomba la moshi, meli, nyota ya dira, ua kwenye chungu, mti. Kingine kimeandikwa shairi, na lipo moja linalosema mfupa huu zamani ulikaa kwenye taya la nyangumi na sasa umekusudiwa kifua cha mwanamke, uvae wewe mpenzi, usimuazime mtu. Usimuazime mtu, nimecheka, wivu wa miaka mitatu ya safari umo humo.

Sisi tunaojua kanga tunaelewa haraka hapa. Mwanamke anavaa maneno mwilini, na maneno yana mlengwa. Tofauti ni kwamba kanga jina lake linasomwa na mtaa mzima, jirani asome, mke mwenza asome, ndo raha yake. Lile jina la kwenye mfupa wa nyangumi linaingia ndani ya nguo, hakuna wa kulisoma zaidi ya aliyelivaa na aliyelichora, na aliyelichora hayupo, yuko Japani. Kwa hiyo huwezi kusema moyo pale ni "alama ya mapenzi" ukaishia hapo. Alikuwa anachukua nafasi. Kaweka mfupa pale ambapo yeye mwenyewe asingefika kabla ya miaka mitatu.

Halafu kuna makaburi. Hii inashangaza ukiiona mara ya kwanza: jino limechorwa mwanamke anaegemea mnara wa kaburi wenye chungu juu, kando yake ule mti wa Kizungu wenye matawi marefu yanayoanguka mpaka chini, mti wa majonzi. Tena hazikuwa picha za baharini kabisa. Baada ya rais wa kwanza George Washington kufa mwaka 1799 Marekani nzima ilishikwa na fasheni ya picha za msiba, wasichana mashuleni wakitarizi kwenye hariri kaburi, mti, mjane, kila nyumba yenye uwezo kidogo ilikuwa nayo ukutani. Kwa hiyo baharia alikulia akiiangalia hiyo picha sebuleni kwa mama yake. Sawa. Lakini baharia kaburi analitoa wapi? Akifa melini anashonewa kwenye turubai anatoswa. Pale New Bedford kuna kanisa la mabaharia lililofunguliwa 1832, kuta zake zina vibao vya marumaru vyenye majina ya waliopotea, jina, umri, alianguka kutoka mlingotini, alivutwa na nyangumi, na chini ya kibao hamna mwili wowote. Watu walikaa kwenye mabenchi wakisali huku wanasoma, na wengine walikuwa wanaondoka na meli wiki hiyohiyo.

Sasa mtu wa namna hiyo akichora mjane kaburini, mi naona anajichorea kaburi lake. Anajipa nchi kavu. Anampa mkewe mahali pa kuegemea akilia, maana anajua yakimkuta hapatakuwapo. Inawezekana nimekwenda mbali, inawezekana alikuwa anamkumbuka dada yake aliyekufa kwa homa, au gazeti lilikuwa na ukurasa huo tu uliobaki mzima. Ila nikiweka pamoja zile kuta za kanisa na lile jino naona vinaongea.

Tai na bendera sasa. Hivi ndo vinavyouzwa sana, "uzalendo". Na ni kweli vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza iliwapa picha nyingi za meli za kivita zikipigana, zilichapwa kwenye vitabu, zikanakiliwa kwenye meno miaka na miaka baadaye. Ila tuulize basi kwenye meli za nyangumi walikuwamo kina nani. Walikuwamo weusi wa Marekani, walikuwamo Wawampanoag ambao ndo wenyeji wa pwani ile kabla Mzungu hajafika, Wareno wa visiwa vya Azores, watu wa Cape Verde, watu wa Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki waliochukuliwa njiani. New Bedford ilikuwa kimbilio la watu waliotoroka utumwa kusini, Frederick Douglass mwenyewe, yule mtoro aliyekuja kuwa mpinga utumwa mashuhuri, alifikia pale mwaka 1838, na hata pale alipotaka kazi yake ya kukalafati meli wazungu wenzake wa kazi wakagoma kufanya naye. Mhunzi mmoja mweusi wa mjini humo, Lewis Temple, mwaka 1848 alitengeneza chusa chenye kichwa kinachogeuka kikishaingia mwilini kisichomoke, kila meli ikakitumia, hakukisajili kama uvumbuzi wake, akafa 1854 bila utajiri aliowapa wengine. Na mwaka 1857 mahakama kuu ya Marekani ikaamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo.

Kwa hiyo tai kwenye jino ni tai wa nani? Meno mengi hatujui mchoraji wake, na wauzaji wakiona tai wanamwona kichwani kijana wa kizungu mwenye macho ya bluu, hawajiulizi. Mtu mweusi akichora tai na bendera mwaka 1850 anaweza kuwa anajigamba, anaweza kuwa anadai. Alama moja, madai mawili tofauti kabisa, na mstari wa sindano uko vilevile.

Nyangumi mwenyewe yuko wapi katika haya yote? Yupo, lakini yupo kama windo, damu inaruka puani, chusa mgongoni, boti zimemzunguka. Picha iliyonivutia zaidi ya nyangumi haiko hata kwenye jino, iko kwenye daftari la safari. Walikuwa na mihuri midogo, mingine imechongwa kwa mfupa au jino la nyangumi, wakiua nyangumi wanapiga muhuri wa nyangumi mzima, na katikati ya tumbo lake wameacha nafasi nyeupe ya kuandika mapipa mangapi ya mafuta. Akiwatoroka wanapiga muhuri wa mkia tu unaozama. Unafungua ukurasa unaona mkia, mkia, mkia, nyangumi, mkia. Mwezi mzima wa watu thelathini uko hapo na umeuelewa bila kujua kusoma. Hiyo sasa ndo alama, haihitaji muuza antiki.

Na hawa watu walifika kwetu, nisiandike kama vile ni habari za sayari nyingine. Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, balozi mdogo wao wa kwanza Richard Waters akafika Unguja 1837, na meli za nyangumi zikawa zinapita kuchukua maji, matunda na kuni. Mmoja wa mabaharia hao, J. Ross Browne, alichoshwa na mateso ya melini akashukia Unguja, baadaye akaandika kitabu kilichochapwa New York mwaka 1846, na humo ametusema vibaya kweli, lakini kwa habari za jinsi mabaharia wa nyangumi walivyokuwa wanapigwa na kulishwa uozo ni shahidi mzuri. Nyangumi wa ambari na sisi tulikuwa tunamjua zamani kabla yao, kwa njia yetu, al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 10, tayari anaitaja ambari ya pwani ya Zanji. Sisi tuliokota alichokitoa tumboni, wao walitaka mwili.

Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni jambo jingine. Wakati meli za nyangumi zinapita, meli za Salem, bandari nyingine ya Massachusetts, zilikuwa zinapakia Unguja pembe za ndovu, na pembe hizo zilikwenda pwani ileile ya kaskazini mashariki mwa Marekani, zikaishia viwanda vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa kwa mashine vipande vyembamba vya kubandika kwenye piano na vya kutengeneza vitana. Pembe hizo zilitoka bara, zikabebwa mabegani na wapagazi Wanyamwezi na wengine, miezi njiani, kutoka Tabora na mbele zaidi mpaka Bagamoyo. Safari ndefu, hatari, mbali na mke, mbali na nyumbani, vyote sawasawa na baharia. Na usiku kambini muda nao ulikuwepo. Lakini mpagazi hakuwa na ruhusa ya kuchora moyo na jina la mkewe kwenye pembe ya tajiri. Ilikuwa na bei. Kila mkwaruzo ungekuwa hasara ya mtu. Baharia alipata kuchora kwa sababu jino halikuwa na bei, basi, si kwa sababu alikuwa na hisia nyingi kuliko mpagazi. Ndo maana nikasema kabla hujauliza alama inasema nini, uliza kitu kilichochorwa kilikuwa mali ya nani.

Na kuna mahali ambapo jino hilohilo lilikuwa na bei kubwa kuliko tunavyoweza kufikiria. Visiwa vya Fiji, jino la nyangumi wa ambari linaitwa tabua, linapakwa mafuta, linafungwa kamba iliyosukwa kwa makumbi ya nazi, na linatolewa unapoposa, unapoomba msamaha, unapohani msiba, unapofanya mapatano kati ya koo, na leo bado linatolewa, ukitaka kulitoa nje ya nchi unahitaji kibali. Hawalichori kitu. David Porter, nahodha wa jeshi la majini la Marekani aliyepita visiwa vya Marquesas wakati wa vita ya 1812, aliandika kwenye kumbukumbu zake alizochapisha 1815 kwamba kwa meno kumi makubwa ya nyangumi unajaza meli ya tani 300 msandali. Habari kama hiyo ikishasomwa na wafanyabiashara unajua kinachofuata, meno yakapelekwa kwa wingi Pasifiki. Kwa hiyo ndani ya bahari moja, miaka ileile, jino moja lilikuwa takataka ya kuwapoza mabaharia na lingine lilikuwa linamaliza vita, na lile lililokuwa na nguvu ndo lililoachwa tupu.

Ya siku hizi nayapitia haraka. Rais Kennedy alikuwa anakusanya skrimsho, meno yalikuwa mezani kwake ofisini, na mke wake akamzika na jino lililochorwa nembo ya urais, watu wengi wakaanza kuyatafuta miaka hiyo ya 60, na palepale zikafurika feki za plastiki, za kumwaga kwenye kalibu, nyingi zimenakili vipande vya makumbusho. Toka 1972 sheria za Marekani za kulinda wanyama wa baharini zimebana biashara yenyewe. Kipimo cha wazee ni sindano ya moto, plastiki inayeyuka. Mi nina kipimo changu kingine cha uvivu: feki huwa inasema kila kitu, jina la meli, jina la nahodha, mwaka, bandari, nanga, tai, na shairi juu. Jino la kweli mara nyingi limenyamaza kuhusu nani na lini.

Mtu akinipa nafasi nichague kimoja kwenye makumbusho yote ya New Bedford na Nantucket, sichukui jino la Susan. Nachukua kile kigurudumu cha kubania kingo za pai, walivitengeneza vingi sana, mpini umechongwa ngumi au nyoka au mguu wa mwanamke, wauzaji wanagombana nyoka ni nini na ngumi ni nini. Mi nataka kilichochakaa, kilichoingia jikoni kikatumiwa mpaka mpini umelika upande mmoja, kwa sababu hicho najua kilifika kwa aliyetengenezewa.